Msumari Mpya

Kaburi la Alois lilikuwa lijengewe Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na Advera alitaka jambo moja tu: pete ya marehemu iingie kwenye saruji kabla haijakauka. Mengine yote aliwaachia watu. Mchele ungetoka Puge, kwao, pamoja na mdogo wake Imakulata. Mzee Ezekia, kaka yake Alois, alikwisha kupata ng'ombe. Padri alikubali kuja kusoma misa hapo hapo nyumbani, Ntalikwa. Fundi Silasi, aliyekuwa akijenga kaburi, aliombwa aache kitundu chini ya msalaba, upana wa kidole gumba, naye akakubali bila kuuliza sana. Mjane wa mwaka mmoja haulizwi sana.

Tatizo ni kwamba pete yenyewe haikuwapo. Ilipotea shambani miaka ishirini iliyopita.

Haikuwa pete ya dukani. Babu yake Alois alikuwa mpagazi katika miaka ya mwisho ya misafara, kabla reli haijafika Tabora, na kutoka katika safari zake zote za pwani alibakiza rupia moja ya fedha ambayo hakuitumia mpaka akafa. Rupia hiyo ilimfikia Alois. Alipotaka kuoa, mwaka tisini na moja, aliipeleka kwa sonara wa Ng'ambo, mjini Tabora, akamwomba aiyeyushe na kuigawa sawasawa. Zikatoka pete mbili. Kila alipoalikwa harusini na pombe ikamkolea kidogo, Alois aliinua mkono wake na mkono wa mkewe akawaambia watu kwamba yeye na mama Anton wametoka kwenye sarafu moja.

Halafu siku moja, msimu wa kupiga matuta, alirudi nyumbani kidole kitupu. Alisema imemponyoka huko huko shambani, jasho lilikuwa jingi. Advera hakumlaumu. Juma zima walipiga magoti bega kwa bega wakichekecha udongo kwa ungo, tuta kwa tuta. Imakulata aliishi nao wakati ule, na alikuwa bado ndani na kichanga chake cha majuma mawili. Kila jioni walipopita mlangoni kwake aliwauliza, "Bado hamjaiona?" Siku ya tano Alois alilia. Advera alikuwa hajawahi kumwona mwanamume yule akitoa chozi, hata kwenye msiba wa baba yake. Alimfuta uso kwa ncha ya kanga akamwambia kwamba pete ni kitu tu, ndoa ni wao wenyewe.

Ndiyo maana aliposikia kwamba Majidi, fundi redio wa Ng'ambo, amenunua mashine ya kutafutia vitu vilivyofukiwa ardhini, alimtumia salamu. Walikubaliana kwa maneno machache. Shamba la Ntalikwa liko kando ya njia ya kale ya misafara, na jembe huibua ushanga kila mwaka. Vya wapagazi vitakavyopatikana ni vya Majidi, pete ni ya mama.

Majidi alifika Jumatatu kwa pikipiki, mashine ameifunga nyuma kwa mipira kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ilikuwa fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina kioo kidogo cha kuonyesha namba. Alipoanza kuipitisha juu ya matuta, kushoto kulia, kushoto kulia, majirani walikuja kusimama mpakani. Mzee Ezekia alisema ameona watu wakipiga pasi nguo, lakini ardhi ndiyo kwanza. Tangu hapo mashine ikaitwa pasi.

"Msinicheke," Majidi alisema. "Sikilizeni inavyosema. Chuma hukoroma kama chura. Fedha na shaba hulia kama ndege. Mama Anton, ukisikia chura, endelea kupika. Ukisikia ndege, acha chungu kiungue."

Kwa siku mbili walisikia vyura. Walichimbua ncha ya mkuki, pete ya mnyororo, misumari ya boma la ng'ombe, jembe lililoliwa na kutu mpaka likawa kama jani. Ndege alilia mara tatu. Mara ya kwanza ikawa ganda la risasi. Mara mbili zilizofuata zikawa hela za shaba za Mjerumani, na Majidi alizifutia kwenye suruali akatembea shamba zima akitabasamu. Pete haikulia. Kila ndege alipolia Advera alifika mbio na jembe, moyo ukimdunda kama msichana, na kila mara alirudi jikoni taratibu.

Jumatano asubuhi Majidi alianza kuitilia shaka mashine yake. Alisema huenda betri imechoka na sauti haishuki chini. Akamuuliza kama pale nyumbani kuna chuma chochote ambacho ana hakika kilipofukiwa, ili aipime.

Advera alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Chuma cha namna hiyo alikuwa nacho, tena si kimoja.

Katika ukoo wa Alois, kitovu cha mtoto kikidondoka hakizikwi hivi hivi. Baba ndiye huchimba, nyuma ya nyumba, na kitovu hulazwa pamoja na chuma kilichokwisha kuonja jasho lake, ili mtoto asije kuwa mtu wa kupeperushwa na upepo. Kwa Anton, mtoto wao wa kwanza, Alois aliweka ncha ya jembe. Kwa Consolatha, kipande cha shoka. Kwa Vedasto, kisu kilichovunjika. Na ikiwa mtoto baba yake hajulikani au hajaja, huwekwa msumari mpya, usiowahi kugongwa popote. Msumari huo haumshiki mtoto. Unashika nafasi tu, mpaka siku baba atakapokuja na chuma chake. Kilichofukiwa hakiguswi tena, maana ukiking'oa, mtoto naye hung'oka.

Msumari mpya ulikuwa mmoja tu pale nyumbani, wa Minza, binti wa Imakulata.

Imakulata alikuja kutoka Puge akiwa na miaka kumi na tisa kumsaidia dada yake kazi, akashika mimba. Alisema ni ya dereva wa lori la tumbaku ambaye hakurudi tena. Baba yao alitaka kumfukuza. Advera ndiye aliyekwenda Puge kwa miguu yake kumtetea, akasema mtoto atazaliwa kwake na atalelewa kwake. Siku ya kitovu, mama mkwe alimkabidhi Alois msumari mpya, Alois akapiga magoti akachimba, akafukia. Advera alisimama pale pale amembeba kichanga, akimshukuru Mungu kwa kumpa mume asiyechagua mtoto wa kumchimbia. Mama mkwe akampa mtoto jina la mama yake mwenyewe, Minza. Hilo nalo Advera alilipokea kama upendo. Miaka minne baadaye Imakulata aliolewa huko Puge, akamwacha binti. Sasa Minza alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na Advera ndiye aliyemwita mama.

Basi wakaenda nyuma ya nyumba. Kwa Anton mashine ikakoroma. Kioo kikaonyesha kumi na mbili. Kwa Consolatha ikakoroma. Kwa Vedasto ikakoroma. Majidi akaridhika, akasema mashine ni nzima kabisa, tatizo ni shamba, akataka kuizima.

"Bado mmoja," Advera alisema, kama mama ambaye hataki mtoto wake aachwe nje ya picha. "Pitisha na hapa kwa Minza."

Mashine ikalia kama ndege.

Majidi akasimama. Akaipitisha tena.

"Hapa si chuma, mama Anton."

"Ni msumari. Niliuona kwa macho yangu."

"Basi ni msumari wa fedha. Kumbe mlikuwa matajiri."

Advera hakucheka. Alimwambia arudie, akirudia atokee upande wa pili. Majidi akatokea mashariki, akatokea magharibi. Ndege yule yule, na kwenye kioo namba ile ile, themanini na moja. Ndipo Majidi alipopata wazo. Alimwomba anyooshe mkono wake wa kushoto juu ya sahani, ule wenye pete.

Ndege akalia. Themanini na moja.

"Ndiyo hii!" Majidi akapiga makofi. Alikuwa mtu wa Ng'ambo, mambo ya vitovu vya ukoo ule hakuyajua, na Advera alikuwa amemwambia tu kwamba hapo pana vyuma. "Tunahangaika shambani siku tatu, kumbe bwana aliidondosha hapa hapa nyuma ya nyumba yake. Nikuchimbie?"

"Nenda kanywe uji, Majidi. Upo jikoni."

Alipoondoka, Advera alikwenda kuchukua kisu cha jikoni akapiga magoti. Alijua kwamba hapafukuliwi. Alichimba. Shubiri moja chini kisu kiligusa kitu, akaingiza vidole akakitoa. Ilikuwa nyeusi kama mbegu ya papai. Aliisugua kwenye kanga, na weupe wa fedha ukatokea upande mmoja. Aliendelea kuchimba, akipanua shimo, akichambua udongo kati ya vidole kama alivyouchambua ule wa matuta miaka ishirini nyuma. Msumari haukuwapo. Alois alikuwa ameuchukua mkononi mwa mama yake, akainama, akauficha, akaweka kingine.

Advera aliketi juu ya visigino vyake. Jembe lingeonekana limevunjwa, watu wangeuliza. Shoka lingeulizwa. Lakini pete huvuliwa kidoleni bila mtu kuona, na miaka kumi na minne ilikuwa imeonja jasho la Alois kuliko chuma chochote cha nyumba ile. Alijua alichokuwa akifanya. Alitaka mtoto ashikwe. Akachukua nusu ya rupia akamshikia nayo, kisha akaenda shambani na ungo kumtafutia mke wake kitu ambacho alijua hakipo.

Majidi aliporudi akifuta midomo, alikuta shimo limefukiwa, na pete iko mkononi mwa Advera. Alifurahi kuliko alivyofurahia hela zake mbili. Alimwambia Mungu ni mwema, sasa bwana atalala vizuri. Advera akamwitikia ahsante, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akamtakia safari njema. Kisha akaingia ndani, akachukua kipande cha sabuni na bakuli la maji, akajaribu kuvua pete yake mwenyewe. Haikutoka. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kwa kushika jembe, na kidole kilikuwa kimeota kuizunguka. Alivuta mpaka ngozi ikachubuka, akaacha.

Imakulata alishuka kwenye basi Alhamisi mchana na magunia mawili ya mchele. Alikuja akiimba salamu tangu njiani, kama kawaida yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia."

Advera alimpa maji ya kunywa. Aliuliza habari za Puge, za shemeji, za mpunga, na akajibiwa zote. Kisha akaweka pete mezani, mbele ya kikombe.

Imakulata aliitazama. Hakuuliza ni ya nani, na Advera hakuhitaji jibu jingine.

"Umeitoa wapi, dada?"

"Umenisikia nikisema nimeitoa mahali?"

Nje kuku walikuwa wakigombania makapi yaliyodondoka kwenye magunia.

"Dereva wa lori," Advera alisema. "Nilikwenda Puge kwa miguu nikamlilia baba kwa ajili ya dereva wa lori. Baba alinitukana mbele ya watu."

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nani mwingine alijua?"

Imakulata alisema mama mkwe alijua. Alois alimwambia mwenyewe, na ndiyo maana jina likatoka kwake. Minza hajui kitu. Mume wake wa Puge hajui. Alisema ilikuwa mara chache, ule mwaka Advera alipolazwa kwa upasuaji, na kwamba baada ya mtoto haikutokea tena, anaapa kwa Bikira Maria. Alisema aliolewa mbali ili aondoke. Alisema mengi, na Advera aliyaacha yapite. Lililokuwa limemkaa kooni lilikuwa jingine, dogo.

"Kila jioni uliniuliza, 'Bado hamjaiona?' Ulikuwa ukiniuliza nini?"

Imakulata akafunika uso kwa viganja.

"Niliogopa mtaacha kutafuta shambani," alisema, "mkaanza kutafuta nyumbani."

"Mlikuwa mkinicheka."

"Hatukukucheka, dada. Yeye alikuwa akilia."

"Najua alikuwa akilia. Mimi ndiye niliyemfuta machozi."

Imakulata alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu, lakini hakuomba msamaha. Aliomba kitu kingine. Alijua pete ile ilikusudiwa wapi, kwa maana Advera alimweleza kwenye simu majuma mengi, kwa furaha.

"Nitukane. Nifukuze. Mwambie mume wangu ukitaka. Lakini usiitie kwenye saruji. Irudishe ilipokuwa. Ukiifungia kaburini umemfungia na mtoto."

Advera alichukua pete akaifunga kwenye pindo la kanga. Akamwambia mdogo wake mchele uanikwe kabla ya kupetwa, una unyevu, kisha akatoka.

Minza alifika Ijumaa, begi begani, akamkumbatia mama yake kwa nguvu kiasi cha kumwinua. Jioni Advera alimwona uani akizungumza na Mzee Ezekia. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza gotini, kama Alois alivyosimama akiongea na watu. Miaka ishirini Advera alikuwa akiwaambia wageni kwamba mtoto huyu amemwiga baba yake mkubwa. Sasa alitazama mguu ule, akatazama na mwendo, na jinsi alivyokuna sikio kabla ya kucheka. Vyote vilikuwa vimekaa mbele yake kila siku kama chumvi mezani.

"Mama, wamesema pete imepatikana!" Minza alimwita. "Nionyeshe."

"Kesho," Advera alisema.

Hakupata usingizi wa maana. Hakumfikiria sana Imakulata, wala Alois na yule mdogo wake wakiwa pamoja. Alifikiria ungo. Alifikiria mikono ya Alois kwenye udongo karibu na mikono yake, ikitafuta kwa bidii, na akashindwa kuelewa mtu anaweza vipi kuipa mikono yake bidii ya namna ile.

Kulipopambazuka Jumamosi alikwenda nyuma ya nyumba na kisu kile kile. Alifukua shimo la Minza, akailaza pete chini, akarudisha udongo, akaushindilia kwa kiganja. Minza hakumkosea kitu. Alikuwa amekula uji wake, amelala mgongoni mwake, amemshika mkono siku ya kwanza ya shule. Kama alihitaji kitu cha kumshika ardhini, basi kimshike. Aliponyanyuka alimwona Imakulata amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo ya maji. Walitazamana. Advera akapita.

Misa ilisomwa saa nne. Baada ya baraka za kaburi, Fundi Silasi alichanganya saruji ya mwisho, akapiga magoti kwenye kile kitundu chini ya msalaba, akageuka kumtazama mjane. Watu wakasogea. Habari za pasi ya Majidi zilikuwa zimeenea Ntalikwa nzima, na kila mtu alitaka kuiona pete ya rupia ikirudi kwa mwenyewe.

"Iko wapi, mama Anton?"

Advera alitazama ndani ya kisanduku cha zana kilichokuwa pembeni mwa fundi.

"Nipe msumari," alisema. "Ambao haujagongwa."

Silasi alidhani hakusikia vizuri. Akarudiwa. Akapekua, akatoa wa inchi tatu, unang'aa, akampa. Advera aliinama akausimamisha katikati ya kitundu, akaushikilia kwa vidole viwili vya mkono wake wenye pete, akamwambia fundi amimine.

Wageni walitazamana. Lakini Mzee Ezekia, aliyezijua mila za ukoo ule kuliko wote waliokuwapo, aliutazama msumari, akamtazama Imakulata, kisha akaangalia chini kwenye vumbi na hakuinua tena kichwa. Imakulata alilitua chini sinia la wali alilokuwa ameshika. Hakuna aliyeuliza, ila mmoja.

"Mama," Minza alimnong'oneza, amemshika kiwiko, "si wamesema pete imepatikana?"

"Imepatikana. Iko mahali pake."

"Na huu msumari?"

Advera alivuta vidole vyake kwenye saruji, akavifuta kwenye kanga.

"Unamshikia nafasi mume wangu," alisema. "Bado hajaja."

Minza alidhani ni majonzi yanayosema, akamkumbatia mabega. Silasi alilainisha juu kwa mwiko, mara moja, mara mbili, mpaka msumari ukazama. Jua lilikuwa kali. Kufikia saa nane saruji ilikuwa imeshika.